Maswali ya Wasomaji: Kuizunguka Unguja kwa Baiskeli kwa Siku Moja

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na marafiki zangu, jumla yetu watu sita, tumezoea kuendesha baiskeli pamoja siku za Jumapili hapa Dar es Salaam, na kwa kawaida hatuzidi kilomita 30. Mwezi wa Julai tunakusudia kuvuka kwenda Unguja kwa boti ya asubuhi, tukizunguke kisiwa chote, kisha turudi nyumbani jioni ile ile. Wawili kati yetu wana baiskeli zisizo na gia. Je, safari hiyo inawezekana, na kama inawezekana tuanzie wapi? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, kisiwa chote hamtakimaliza kwa siku moja, na sioni faida ya kujaribu. Kutoka Nungwi kaskazini hadi Makunduchi kusini ni takriban kilomita 85 kwa mstari ulionyooka, na barabara za Unguja hazifuati ufuo moja kwa moja. Mwendeshaji anayeteremka pwani ya mashariki akifika Chwaka hukutana na ghuba na mikoko yake, hivyo hulazimika kurudi bara, katikati ya kisiwa, kabla ya kuelekea tena mashariki kwenye fukwe za Paje. Ukiunganisha vipande vyote hivyo, mzunguko haupungui kilomita 200. Isitoshe, boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili kuvuka, na mkishamaliza kushusha baiskeli na kutoka bandarini jua litakuwa limeshapanda, nanyi mtakuwa bado mjini, katikati ya daladala na bodaboda.

Ninachowashauri ni kuvuka siku moja kabla, mkalala Unguja, kisha mkafanya mzunguko wa kusini peke yake, yaani kuanzia kijiji cha Kitogani hadi Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi, na kurudi Kitogani kwa njia ya Muyuni. Mzunguko huo ni takriban kilomita 60, nao hupita kwenye barabara ya lami. Kwa kundi lililozoea kilomita 30, umbali huo ni maradufu ya kawaida yenu, lakini kusini mwa Unguja hakuna milima ya kuwatesa. Kipingamizi chenu kitakuwa jua, na zaidi ya jua, upepo.

Suala la upepo wapangaji wengi hulisahau, ilhali ndilo linaloamua mzunguko uanzie wapi na uelekee upande gani. Mwezi wa Julai ni wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kusini-mashariki, ambao kwa kawaida huwa mpole alfajiri na kuongezeka nguvu kadiri mchana unavyokua. Mkianzia Kitogani asubuhi na mapema, sehemu mnayoelekea mashariki hadi Paje, pamoja na ile ya kuteremka kusini kupitia Jambiani, mtazimaliza kabla upepo haujachachamaa. Kutoka Makunduchi mnageuka magharibi kuelekea Kizimkazi na upepo unaanza kuwa nyuma yenu, na jioni mnapopanda kaskazini kurudi Kitogani unakuwa mgongoni kabisa, wakati ambao miguu imechoka na msaada unahitajika. Mkigeuza mwelekeo, mtapambana na kusi saa za mchana mkielekea kusini na mashariki, na wale wenzenu wawili wasio na gia ndio watakaoumia kwanza. Hata msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ningeanza na upande wa mashariki vilevile, kwa sababu kaskazi nayo huvuma ikitokea kaskazini-mashariki. Tofauti ni kwamba kipande cha mwisho cha kurudi Kitogani kitakuwa kigumu zaidi.

Nafahamu kwamba ni rahisi zaidi kukodi baiskeli Paje, ambako wageni ni wengi, na kuanzia huko huko. Mkifanya hivyo mtaumaliza mzunguko kwa kutoka Kitogani kwenda Paje mkiwa mmechoka na upepo ukiwapiga ubavuni na usoni. Kwa hiyo, kwa kuwa baiskeli ni zenu wenyewe, ni afadhali mkodi kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, mjini alfajiri iwafikishe Kitogani, na mkubaliane na dereva huyo arudi kuwachukua jioni.

Ondokeni Kitogani mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msianze kwa kasi. Kabla ya kufika Kitogani gari litapita kando ya msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mtaona matuta barabarani yaliyowekwa baada ya magari kuua kima punju wengi mahali hapo. Kima hao asili yao ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu. Kama mnataka kuwatazama kwa utulivu, tengeni siku nyingine, kwani ziara ya msituni itawamalizia saa za asubuhi ambazo ndizo akiba yenu kubwa. Nasema vivyo hivyo kuhusu safari za boti za kutazama pomboo kule Kizimkazi: ni matembezi yanayojitegemea, na anayeyachanganya na kilomita 60 za baiskeli hafaidi hata kimoja.

Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na vituo vya kunywa maji, mtafika Makunduchi mnamo saa tatu na nusu na Kizimkazi kabla ya saa tano. Hapo pumzikeni kwelikweli: kuleni, wanaoswali waswali Adhuhuri, na asiwepo wa kuwashawishi kuendelea wakati jua liko utosini. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya Kiislamu katika pwani yetu, ingawa sehemu kubwa ya jengo lilivyo sasa ilijengwa upya katika karne ya 18. Kwa nje hauna mbwembwe, na mpita njia asiyeambiwa anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Ni msikiti unaoswaliwa hadi leo, kwa hiyo ombeni ruhusa kwanza, na aliyevaa kaptura za kubana ajifunge kikoi au kanga. Mavazi hayo ya michezo hayapendezi hata mnaposimama vijijini kununua madafu.

Mkiondoka Kizimkazi saa tisa na nusu alasiri, kilomita kama 20 zilizobaki zitawafikisha Kitogani mapema kidogo kabla ya magharibi, maana mwezi wa Julai giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Hata hivyo, chukueni taa.

Kuhusu kundi lenyewe, wenye baiskeli zisizo na gia watangulie na wapange mwendo, na mwenye nguvu kuliko wote akae nyuma akiwa na pampu, viraka na mpira wa ndani wa akiba kwa kila ukubwa wa tairi mlio nao. Watu wengi hufanya kinyume chake: mwenye nguvu hutangulia, kundi hukatika vipande viwili, na aliyepata pancha nyuma hubaki peke yake bila kifaa. Endesheni kwa mstari mmoja upande wa kushoto, na mpunguze mwendo karibu na shule.

Mwisho, tazameni kalenda. Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, yaani mwaka mpya wa jadi, mwezi huo huo wa Julai, na siku hiyo barabara za kusini hujaa magari ya watu wanaokwenda kutazama mapigano ya migomba. Sherehe hiyo inastahili kutazamwa, ila siyo kutoka juu ya baiskeli.

SWALI: Nimesikia kwamba maji yakitoka, mtu anaweza kuendesha baiskeli juu ya mchanga kutoka Paje hadi Jambiani badala ya kupita barabarani. Je, ni kweli, na je, ni njia bora? – Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Ni kweli, hasa siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hukupwa mbali sana na hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Mchanga ulioachwa na maji huwa mgumu kiasi cha kubeba tairi pana. Tairi jembamba litazama. Kaa karibu na ufuo, kwani huko mbele ndiko yaliko mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho wengi wa wakulima wake ni wanawake. Vigingi na kamba unazoziona ni riziki ya mtu, na hazipaswi kukanyagwa.

Mimi mwenyewe ningependelea barabara, na sababu yangu ni chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye mnyororo na beringi, kutu huanza upesi kuliko watu wengi wanavyodhani, na baiskeli ya kukodi utadaiwa fidia yake. Ukiamua kupita mchangani, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, uikaushe kwa kitambaa, kisha uupake mnyororo mafuta kabla hujalala.