Dizeli ya Kansas haijui baridi ya Minnesota

Wiki hii nimepigiwa simu tatu kabla jua halijachomoza, zote na vijana wetu walioanza kazi ya kubeba mizigo kwa vani huku Minnesota, Marekani, msimu huu. Zote zinaanza vilevile: "Shikamoo kaka, gari imewaka vizuri, imetembea kidogo, imezima." Nikiuliza ulijaza wapi, kimya. Halafu: "Missouri, kule bei ilikuwa nzuri." Wadogo zangu, nawapenda, lakini haya niliyasema mwaka jana na mwaka juzi. Sasa nayaandika.

1. Tanki linabeba hali ya hewa ya pale ulipojaza. Dizeli ina nta ndani yake. Mnayakumbuka mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, chupa imeganda nyeupe mpaka mama aiweke juani? Dizeli namba mbili, yaani ile ya kawaida, isiyochanganywa hufanya hivyohivyo nyuzi chache chini ya sifuri. Kwanza inaingia ukungu, kisha chembe za nta zinakwenda kujazana kwenye filta. Sheli za huku kaskazini majira haya huichanganya na namba moja, inayovumilia baridi kali zaidi, au huitia dawa. Sheli ya kusini inauza mafuta ya baridi ya kusini, wala haijamdanganya mtu.

Mimi nilijifunza Desemba yangu ya kwanza. Nilipakia vipuri Dallas, Texas, kwenda Bloomington huku Minnesota, nikapanda na barabara kuu ya I-35. Kansas City nikajaza tanki mpaka bomba likakata lenyewe. Mchana ule ilikuwa nyuzi 9 juu ya sifuri na nilivaa koti jepesi. Des Moines, Iowa, nikapita bila kusimama kwa sababu mshale ulikuwa bado juu ya nusu, na nilikuwa nahesabu senti kwa kila galoni. Usiku nikafika Albert Lea na robo tanki, nikazima injini, nikalala.

Asubuhi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Gari likawaka. Hapo ndipo mnapodanganyika wengi: mafuta yaliyo kwenye filta na mipira yanatosha kuwasha na kukutoa sheli. Nta inaendelea kujikusanya mafuta yakivutwa. Dakika kumi barabarani nguvu ikapungua, nikakanyaga, gari likashtuka mara mbili, likazima. Nikalisogeza pembeni likiwa bado linateleza.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma zaidi. Nilipiga stata. Nikapumzika, nikapiga tena, nikapiga mpaka betri, ambayo kwenye baridi ile ilikuwa dhaifu tayari, ikabaki kulia tik-tik-tik. Nilikuwa na chupa nyeupe ya dawa, nikashuka nikaimimina yote kwenye tanki. Haikusaidia kitu. Nyeupe inazuia kuganda, haiyeyushi kilichokwisha kuganda. Ya kuyeyusha ni nyekundu, na sikuwa nayo. Injini ikizima, na joto la ndani limezima. Pumzi yangu ikaanza kuganda kwenye vioo kwa ndani. Nilivaa raba. Simu ilikuwa na asilimia 8, na hata hizo sikuzitumia kumpigia dispacha, yule anayetupangia mizigo, kwa sababu niliogopa kunyang'anywa mzigo. Nilikaa hivyo dakika arobaini, mtu mzima mwenye watoto, nikiogopea mzigo badala ya kuogopea roho yangu. Askari wa barabarani ndiye aliyenigongea kioo akanihamishia kwenye gari lake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo vinakufa ganzi nikishika usukani wa baridi.

Gereji, fundi alifungua filta akaigeuza juu chini mbele yangu. Hakikudondoka kitu. Ilijaa uji wa njano, mzito kama samli. Gari lilikaa ndani kwenye joto karibu siku nzima, likawekewa filta mpya na ile chupa nyekundu. Malipo ya safari yote yaliishia kwa fundi na gari la kuvuta.

2. Ukielekea kaskazini, jaza Des Moines hata kama una nusu, na ujaze tena Minnesota kabla ya kulala. Chupa nyeupe inatangulia, mafuta yanafuata juu yake, na yote hayo yafanyike kabla baridi haijayakuta mafuta.

3. Filta mpya kila Oktoba, nyingine ya akiba garini pamoja na spana yake. Na maji yaliyokaa chini ya filta yatoeni. Yakiganda, hata mafuta mazuri hayapiti.

4. Hita ya kuchomeka kwenye umeme inapasha injini, haipashi tanki. Ichomekeni, lakini msiitegemee kwa mafuta. Bwana mdogo mmoja aliegesha vani Septemba akaenda Moshi kumzika babu yake, akarudi katikati ya baridi. Alichomeka hita usiku kucha, gari likawaka, likafia mtaa wa pili. Kwa sheria ya Minnesota, dizeli ya majira ya joto ina asilimia 20 ya mafuta ya mimea, soya zaidi, na ya baridi asilimia 5. Yale ya soya huwahi kuganda. Alikuwa na tanki zima la kiangazi.

5. Petroli hapana. Najua mjomba alikuwa anachanganya kwenye Land Rover yake. Pampu ya vani hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, na petroli itaisaga.

6. DEF, yale maji ya urea ya kusafisha moshi wa dizeli, huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Tanki lake lina hita yake, liache liyeyuke lenyewe. Usitie maji moto wala kitu kingine chochote.

7. Blanketi, viatu vya theluji, chaja. Ikizima, piga simu kwanza, stata baadaye.

Kwangu zipo filta mbili za akiba na chupa nne nyekundu. Atakayekwama kati ya Faribault na Burnsville anipigie, hata saa tisa usiku, nitakuja. Ila nikifika nitauliza ulijaza wapi.