Maswali ya Wasomaji: Gari linavuma kutoka Gede hadi Kilifi

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Nina Toyota Corolla ya miaka ya tisini, injini ya petroli ya silinda nne. Nilipolinunua, kile kikopo cha katikati cha ekzosi kilikuwa kimeshakatwa na kuchomelewa bomba tupu, eti gari lipate pumzi. Hapa Mambrui na mjini Malindi halina neno. Lakini nampeleka mamangu kliniki Mombasa, na tukishaipita Gede, nikishika kilomita 80 hadi 90 kwa saa, mshale wa mizunguko ukiwa kwenye 2,500, mvumo unajaa ndani mpaka mama anashika kichwa. Nikifika 100 unapungua. Jirani ananishauri niongeze silensa ya pili. Nifuate shauri lake?
— Mwalimu, Mambrui

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Mpe mama pole zangu, na nianzie kwake kabla ya gari. Umesema anashika kichwa. Je, ni kelele tu, au kichwa kinamuuma hasa, na akishuka akapata hewa kinatulia? Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu hutoa mlio mzito na pia hupenyeza moshi ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Nakuomba usimpeleke tena Mombasa kabla ekzosi haijakaguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kama safari haina budi, tafuta gari jingine.

Kukagua si kazi ngumu. Gari likiwa limelala usiku na bomba ni baridi, liwashe nje, mahali pa wazi. Mtu mmoja azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililoloweshwa, kwa sekunde chache tu, mwingine asikilize chini. Panapovuja patalia “tsss”. Pakeni maji ya sabuni kwenye viungo muone povu linachemka wapi. Tazameni sana pale bomba linapofungwa kwenye manifoldi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini), gasketi ya hapo huungua kimyakimya. Kisha zimeni gari mwitikise silensa ya nyuma kwa mkono: ikilia kama ina mawe ndani, kuta zake zimeoza na kukatika, na hiyo haina dawa ila kubadilishwa.

Mkiwa chini, tazameni raba zinazoning’iniza ekzosi. Hapa Pwani naona jambo hili karibu kila gari la zamani linalonijia: raba ilikatika, mtu akafunga kwa waya wa kufungia nondo, akaondoka ameridhika. Waya ule unaikaza ekzosi kwenye bodi, kila mtikisiko unapanda moja kwa moja sakafuni, na sakafu yote inavuma. Nimeshawahi kukata vipande viwili vya waya, nikatia raba mpya, na mvumo ukaisha pale pale bila kuchomelea chochote. Angalieni pia kama bomba limeacha alama ya kung’aa mahali linapogusa bodi, na kama maunti, yaani raba zinazoshikilia injini, zimelala.

Kama hayo yote ni mazima, basi hakikisha kwamba ni ekzosi kweli. Ukiwa kwenye mvumo wenyewe, barabara ikiwa nyeupe, achia pedali ya mafuta kidogo bila kutoa gia. Mvumo ukikatika papo hapo, ni ekzosi. Ukiendelea vile vile, mwite fundi wa tairi na beringi.

Sasa tuje kwa jirani. Silensa ya pili sikushauri. Injini yako ya silinda nne hulipua mara mbili katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, hiyo ni milipuko 5,000 kwa dakika, yaani kama 83 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti inayokusumbua, sauti moja nzito, na ndiyo sababu ukifika 100 inapungua: milipuko imekuwa ya kasi zaidi na imeachana na kile kipimo ambacho bomba lako na nafasi ya ndani ya gari hupenda kuitikia. Silensa nyingi zinazouzwa madukani ni bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Pamba hunyonya vizuri sauti nyembamba, lakini nzito kama hii inaipita. Ukiziweka mbili mfululizo unaweza kuibana injini, ikala mafuta zaidi, na mvumo ukabaki.

Kile kikopo kilichokatwa kilikuwa rezoneta, yaani chombo cha kupunguza mvumo wa sauti fulani, na hakikuwekwa kwa urembo. Rudisha cha umbo na ukubwa ule ule wa gari lako. Ukikosa kipya, tafuta cha mtumba ambacho hakijaoza. Nina hakika hapo ndipo nusu ya tatizo au zaidi itakapoondoka. Rezoneta za namna nyingine ni chumba kilichofungwa chenye shingo fupi inayoingia kwenye bomba. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza kanuni yake katika karne ya 19: ni ile ile ya chupa ya soda unapopuliza mdomoni mwake, ina sauti yake moja tu. Chumba kikipimwa vizuri huimeza sauti ile moja na kuziacha nyingine.

Mvumo ukibaki hata baada ya hapo, kuna njia ambayo fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza. Ni bomba la pembeni, la unene ule ule wa ekzosi, linalotoka kwenye bomba kuu na kuzibwa kabisa mwishoni. Moshi haupiti humo. Wimbi la sauti linaingia, linagonga kizibo, linarudi likiwa limechelewa nusu wimbi, hivyo linasukuma wakati lile la bomba kuu linavuta, na yanauana. Urefu wake ni robo ya wimbi. Katika moshi wa nyuzi kama 200, sauti husafiri takriban mita 435 kwa sekunde. Gawanya kwa 83, kisha kwa 4, unapata kama mita 1.3. Mwambie fundi aanze na mita 1.4, asizibe kwa kuchomelea moja kwa moja bali kwa kifuniko kinachofungika kwa klampu, mjaribu barabarani na kupunguza kidogo kidogo mpaka mvumo ufe. Joto la ekzosi yako ndilo litakaloamua kipimo cha mwisho. Bomba linaweza kukunjwa kando ya lile kuu, mradi lisiguse bodi.

SWALI: Fundi, pikapu yangu inabeba chumvi kutoka Gongoni. Silensa inaoza haraka mno. Nipake rangi gani?
— Dereva, Marereni

JIBU: Rangi ya kawaida itaungua. Chumvi inaila kwa nje, basi ioshe chini kwa maji matamu kila jioni unapomaliza kazi. Kwa ndani inaliwa na maji ya moshi wenyewe, hasa kwa safari fupi ambazo bomba halipati moto wa kuyakausha. Ukibadilisha, nunua ya chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Na kile kitobo kidogo chini ya silensa kimewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Usimruhusu mtu akizibe kwa kudhani ni tundu la kutu.