"Hakuna tofauti" au "tofauti haikubainika"?

SWALI: Nasomea kilimo hapa Mbeya. Nimepima uzito wa viazi mviringo vya Isongole na vya Umalila, kimoja kimoja, nikalinganisha sampuli hizo mbili kwa jaribio la kitakwimu la Kolmogorov-Smirnov. Jaribio halikuonesha tofauti. Je, niandike "viazi vya Isongole na Umalila havina tofauti"? Na ule mpangilio wa uzito niuite mgawanyo, mtawanyo au usambazaji?

JIBU: Usambazaji uache, unamtaka msambazaji, kama mbolea inavyosambazwa vijijini. Mgawanyo si kosa, ila mimi humsikia ndani yake mtu anayegawa mafungu. Nachagua mtawanyo. Mwaga gunia la viazi juu ya turubai: vikubwa vichache, vya kati tele, vidogo vimejificha katikati. Hakuna aliyevigawa, vimetawanyika. Lakini neno hilo libaki na sura nzima ya vipimo, lisichanganywe na wastani. Viazi vya gramu 90, 100 na 110 vina wastani sawa na vya gramu 40, 100 na 160, ilhali sura zao ni mbili kabisa. Ndiyo maana mwanahisabati Smirnov, alipoendeleza mwaka 1939 kazi ya mwenzake Kolmogorov ya 1933, hakushindanisha wastani. Kwa kila uzito huulizwa: ni sehemu gani ya kila sampuli haijauvuka? Kisha huchukuliwa pengo kubwa kuliko yote kati ya sehemu hizo mbili. Kwa viazi vyangu sita, pengo hilo ni theluthi moja.

Sasa sentensi yako, na hapa naomba tuelewane vizuri. "Havina tofauti" ni kauli ya mtu aliyekwisha kupima kila kiazi cha Isongole na kila cha Umalila. Wewe umepima sampuli. Pengo dogo halithibitishi kwamba mtawanyo ni mmoja. Linasema ushahidi wa kuutenganisha haukutosha, na huenda ukiongeza viazi tofauti ikajitokeza. Kiswahili kimekuwekea kiambishi -ik- (au -ekan-) mwishoni mwa kitenzi kwa kazi hiyohiyo: haikubainika, haikuonekana. Kiambishi hicho kinakana kuonekana kwa kitu, hakikani kuwapo kwake. Ukungu ukitanda asubuhi, mlima Loleza hauonekani, na hakuna mtu wa Mbeya atakayekwambia haupo.

Andika hivi: "Katika sampuli hizi, tofauti ya mtawanyo wa uzito haikubainika." Halafu taja ulipima viazi vingapi vya kila upande.