Jibu: Programu ya Linux inakataa kufunguka kwenye FreeBSD

Salaam ndugu. Umesema kwamba programu uliyoitoa kwenye Linux inagoma kwenye FreeBSD (mfumo endeshi mwingine wa jamii ya Unix) kwa ujumbe «ELF binary type "0" not known», ingawa ruhusa za faili ziko sawa. Anza na amri ya kldstat, inayoorodhesha moduli zilizopakiwa kwenye kiini cha mfumo: ikiwa linux64, moduli ya kuendesha programu za Linux, haimo katika orodha, andika sysrc linux_enable="YES" kisha service linux start, amri ambayo pia hupachika linprocfs (mfumo wa faili unaoiga /proc ya Linux) chini ya /compat/linux. Ikiwa imo na ujumbe ni ule ule, yaelekea faili hiyo imebeba maktaba zake zote ndani na haina alama ya Linux. Mimi huiwekea alama hiyo kwa amri ya brandelf -t Linux, ikifuatiwa na jina la faili. Ukianza kuambiwa kwamba ld-linux (kipakiaji cha maktaba za Linux) haipatikani, umepiga hatua: sakinisha linux_base-rl9, kifurushi chenye maktaba za msingi za Linux. Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya kontena) usihangaike nayo kwa njia hii, kwani inadai kiini halisi cha Linux.