Msimbo wangu wa kodi umeshuka: ni kwa sababu ya pesa ya maili?

SWALI: Shikamoo mhasibu. Niko Leicester. Hadi Julai 2024 nilikuwa nahudumia wazee majumbani, natumia gari langu kutoka nyumba hii kwenda ile, na kampuni ilikuwa inanilipa peni 25 kwa maili. Mwaka wa kodi 2023/24 nilifikisha maili 6,000. Shoga yangu alinisaidia kudai HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), nikarudishiwa pauni 240, na msimbo wangu ukapanda kutoka 1257L hadi 1377L. Agosti 2024 kampuni ikanihamishia ofisini kupanga zamu. Aprili 2025 niliingia kwenye akaunti yangu ya kodi mtandaoni nikaandika kwamba siendeshi tena, msimbo ukarudi 1257L. Sasa imekuja barua: kuanzia Aprili 2026 nitakuwa 1137L. Sisi wa ofisini tunalipwa peni 45 kwa maili tukienda mafunzo, na mwaka huu nimekwenda kama maili 300. Wenzangu wanasema pesa hiyo imehesabiwa mshahara ndiyo maana nimeshushwa. Niache kuidai?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiache. Endelea kuidai hadi maili ya mwisho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika hili kampuni yako haina kosa. Mwajiri anaruhusiwa kumlipa mtu anayetumia gari lake mwenyewe hadi peni 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka wa kodi, kisha peni 25 kwa zinazozidi, na malipo hayo hayatozwi kodi. Hayaingii kwenye mshahara wako wala HMRC hawaletewi taarifa yake. Maili zako 300 ni pauni 135, umepewa, yameisha. Kinachotozwa kodi ni ile ziada tu, mwajiri akilipa zaidi ya kiwango. Hata kama wangekulipa peni 60, ziada ingekuwa pauni 45 kwa mwaka mzima, na msimbo ungeshuka kwa nne au tano. Wako umeshuka kwa 120.

Hiyo 120 ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Tarakimu za msimbo ni kiasi cha mapato yako kisichotozwa kodi, kikiwa kimeondolewa tarakimu ya mwisho: 1257L ni pauni 12,570. Ulipopanda hadi 1377L uliongezewa pauni 1,200, yaani maili 6,000 mara peni 20, pengo kati ya 25 ulizolipwa na 45 zinazokubalika. Sasa wanakushusha kwa pauni 1,200 zile zile. Hesabu ikilingana hivyo, si bahati mbaya. Wanachukua walichokupa.

Ilikuwaje? Ulipodai ya 2023/24, ulirudishiwa pauni 240, asilimia 20 ya 1,200, na hiyo ni halali yako. Lakini HMRC hawakuishia hapo. Walikadiria kwamba 2024/25 utaendesha vile vile, wakakupa nafuu mapema kupitia msimbo, pauni 20 kila mwezi. Wengi hapa hudhani msimbo ukipanda ni zawadi ya mwaka jana inaendelea. Kumbe ni mkopo juu ya maili ambazo bado hujaziendesha. Wewe ukahamia ofisini Agosti, na msimbo ukabaki 1377L hadi mwisho wa mwaka. Ulipokuja kurekebisha Aprili 2025, uliokoa mwaka uliokuwa unaanza. Uliokwisha ulikuwa bado una deni, na HMRC hulikata deni la namna hii kwa kushusha msimbo wa mwaka wa mbele, badala ya kukuletea ankara.

Sasa njoo kwenye kosa lenyewe, na mara nyingi watu hawalioni kwa sababu wameshakasirika na kuitupa barua kwenye droo. Wamekata 1,200 nzima, maana yake wamechukulia kwamba 2024/25 hukuendesha hata maili moja. Lakini Aprili hadi Julai 2024 ulikuwa barabarani! Itafute ile hesabu yao ya mwaka, inayoitwa P800, uangalie sehemu ya gharama za kazi. Nina hakika utakuta maili za miezi ile hazimo.

Tuseme miezi ile minne uliendesha maili 1,500. Mara peni 20 ni pauni 300 ambazo ni haki yako. Waliyokupa kupita kiasi ni 900 tu, kodi yake pauni 180, si 240. Msimbo wako sahihi utakuwa 1167L. Tofauti ni pauni 60. Si mali, lakini ni tangi zima la petroli, na ulishalilipa mwenyewe mara moja.

Kwa hiyo jaza fomu P87, ile ya kudai nafuu ya kodi kwa gharama za kazi, ya mwaka 2024/25. Muda unao, hadi tarehe 5 Aprili 2029, ila ukisubiri utaendelea kukatwa. Shoga yako asikuambie ni rahisi kama mara ya kwanza. Tangu Oktoba 2024 HMRC wanataka ushahidi: daftari la safari lenye sababu ya kila safari pamoja na postikodi ya ulikotoka na ulikofika. Kama hukuandika daftari wakati ule, omba kampuni wakutolee ratiba zako za zamu za miezi ile. Safari zipo mle, nyumba kwa nyumba, na slipu za mshahara zitaonyesha ulilipwa ngapi kwa maili. Wewe ndiye unayepanga zamu sasa, hutashindwa kuzipata.

Ukizinakili, kuwa mkali na nafsi yako. Kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine kunahesabiwa. Kutoka kwako asubuhi hadi ofisini kuchukua funguo na glavu hakuhesabiwi, hiyo ni safari ya kwenda kazini kama ya mtu mwingine yeyote. Risiti za petroli na bima usiziambatanishe, zimo tayari ndani ya peni 45. Na zile maili 300 za mafunzo usizidai, umeshalipwa kiwango kamili, hakuna pengo.

(Kwamba anayeendesha kutwa kucha hulipwa 25 na anayekaa mezani hulipwa 45, hilo si swali la kodi, lakini nimeliona. Sheria haimlazimishi mwajiri kulipa zote 45. Wahudumu unaowapangia zamu leo wana pengo lile lile ulilokuwa nalo wewe, na wengine hawajawahi kulidai.)

Wakishakubali, watakutumia barua nyingine yenye 1167L. Kama mwishoni mwa msimbo hakuna M1 wala X (alama za kwamba kodi ya kila mshahara inahesabiwa peke yake, bila kuangalia miezi iliyopita), kilichokatwa zaidi tangu Aprili kitarudi chenyewe kwenye mshahara unaofuata. Na kabla ya 1257L kurudi Aprili 2027, ingia kwenye akaunti yako uhakikishe hakuna makadirio ya maili yaliyobaki humo.