Krambo ya matunda: kwa nini chenga zinalowa?

SWALI: Mpishi, habari ya kazi. Mimi huwapikia wageni hapa Kisumu. Oktoba hii napokea kikundi kutoka Uingereza, na wameomba krambo ya matunda yenye viungo, ile wanayokula kwao majani ya miti yanapopukutika. Nimeijaribu mara mbili. Nilikata papai, nanasi na ndizi mbivu, nikamwagia sukari, nikafunika kwa unga uliochanganywa na majarini na sukari, kisha nikaoka kwenye oveni ya gesi dakika 30 kama maelezo yalivyosema. Mara ya kwanza juu kulibaki kweupe na kubichi, na chini kukajaa mchuzi kama supu. Mara ya pili niliongeza moto: pembeni pakaungua, katikati unga ukawa kama donge la ugali. Nakosea wapi? Naweza kutumia masala ya chai? Na naweza kuipika siku moja kabla?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kueleza kila hatua, maana jibu limo humo humo ndani ya maelezo yako. Wewe umeshindwa na maji. Krambo ni vitu viwili vya tabia zinazopingana vilivyowekwa bakuli moja: chini kuna tunda lililojaa maji, juu kuna chenga zinazotaka ukavu. Nasema chenga kwa sababu ndivyo zinavyotakiwa kuwa, kama chenga za mchele: vipande vidogo vidogo, kila kimoja kivyake. Kazi ya mpishi ni kuzuia maji ya chini yasipande kabla chenga hazijakauka na kushika rangi.

Tuanze na matunda. Nanasi ukilikata na kulinyunyizia sukari, baada ya robo saa utalikuta linaogelea, kwa sababu sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda. Papai nalo lina maji mengi na halina uchachu, kwa hiyo likipikwa linabaki tamu tupu, halina ladha ya kushindana na sukari. Ndizi mbivu huyeyuka. Umeweka matatu yasiyoweza kusimama motoni, ukayaongezea sukari, ukayaingiza mabichi. Mvuke wote huo ulikuwa na njia moja tu ya kutokea: kupitia unga wako.

Krambo ya kwao hutumia sana tufaha, plamu na matunda ya porini meusi. Ilienea Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siagi na sukari zilipokuwa zikigawiwa kwa kipimo kuanzia Januari 1940, kwa sababu chenga zinahitaji mafuta na unga kidogo kuliko kifuniko cha kusukuma cha pai. Nakutajia hili ujue kwamba ni chakula cha nyumbani, cha kutumia kilichopo. Wageni wako hawatalalamika ukiwapa tunda la huku. Watalalamika wakipewa supu. Na kwa bahati njema, Oktoba yao ya majani makavu ndiyo vuli yetu ya mvua fupi. Jioni ya mvua Kisumu, bakuli la moto lenye harufu ya mdalasini na karafuu linafaa kabisa.

Ningekushauri utumie matufaha ya kijani na nanasi. Tufaha la kijani lina uchachu na halivunjiki haraka, na nanasi linaleta harufu ambayo hawaipati kwao. Chukua gramu 600 za tufaha lililomenywa na gramu 400 za nanasi lisiloiva kupita kiasi. Plamu ni nzuri mno, lakini zetu za nyanda za juu hukomaa zaidi kuanzia Desemba, kwa hiyo ziache kwa wageni wa mwakani. Mapera yaliyokomaa yakiwa bado magumu pia yanafaa, ila utoe mbegu.

Sasa hatua ambayo haikuwemo kwenye maelezo yako, na ambayo ningeomba usiiruke hata siku moja: pika matunda kwanza. Tumia sufuria pana, isiwe ya kina kirefu, ili mvuke utoke upesi. Anza na nanasi peke yake, vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole, na gramu 80 za sukari. Usifunike. Litatoa maji yake yote, nawe uyaache yapungue hadi ukivuta mwiko chini ya sufuria unauona mstari kwa muda kabla haujafungika. Ndipo utie tufaha, upike dakika tano au sita, lilainike kwa nje na kubaki gumu kwa ndani, kwa kuwa litaiva tena kwenye oveni.

Halafu konflawa, ule unga mweupe laini wa wanga wa mahindi. Usidhani ni ule unga wa ugali. Kijiko kimoja kikubwa kilichojaa kinatosha kilo moja ya matunda yaliyopunguzwa maji. Ukoroge kwanza kwenye maji baridi vijiko viwili au vitatu, umimine, na ukoroge mpaka uchemke. Hapa tazama mapovu. Mchuzi wa maji una mapovu madogo mepesi yanayokimbia na kupasuka bila sauti. Mchuzi uliokamata una mapovu mazito, machache, yanayoinuka polepole na kupasuka kwa sauti ya uji wa wimbi unaochemka. Ukisikia sauti hiyo, zima moto. Kamulia nusu ndimu mwishoni, baada ya kuzima, kwa sababu ndimu ikichemshwa muda mrefu na wanga huufanya mchuzi ulegee tena.

Acha matunda yapoe kabla ya kuweka chenga. Ukizimwaga juu ya matunda ya moto, siagi inayeyuka kabla ya kuingia kwenye oveni, na unapata lile donge ulilolitaja.

Kuhusu hizo dakika 30: zimeandikwa na mtu anayepika karibu na usawa wa bahari. Mimi niko Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka karibu nyuzi 94 za selsiasi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na maji yenu huchemka karibu nyuzi 96. Tunda lenye majimaji haliwezi kupata joto zaidi ya hapo, kwa hiyo huku kwetu hulainika polepole kuliko London. Fuata macho na masikio, dakika ziwe msaada tu.

Kwa chenga, kipimo ninachokitumia miaka yote ni unga gramu 200, siagi 100, sukari 100, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Unga uwe wa ngano wa kawaida. Ule wenye hamira ya unga ndani yake hufura, nawe utapata kitu kama keki juu ya matunda. Mimi huondoa gramu 50 za ngano na kuweka unga wa wimbi badala yake. Wimbi hauna ule utomvu wa ngano unaoshikamanisha, kwa hiyo chenga zinavunjika vizuri zaidi mdomoni, na rangi yake inakuwa ya udongo mwekundu inayopendeza macho. Na ukipata sukari nguru nzuri, ile inayopikwa kwenye viwanda vidogo vya miwa huko magharibi, ikwaruze na uitumie kwa nusu ya sukari. Ina ladha ya moshi kidogo ambayo mdalasini unaipenda sana.

Majarini laini ya kupaka mkate iache kabisa. Nyingi zina maji mengi kuliko siagi, na wewe tayari unapigana na maji. Samli inawezekana, lakini haina maji hata kidogo na ni mafuta matupu, kwa hiyo punguza hadi gramu 80 na uigandishe kwanza kwenye friji. Siagi huanza kuyeyuka kwa nyuzi 32 hivi, na mchana wa Kisumu hauko mbali na hapo. Vidole vyako ndiyo vimepita. Fanya kazi hii alfajiri. Weka siagi kwenye friza hadi iwe ngumu kama sabuni ya mche, ikwaruze kwenye greta ya karoti moja kwa moja juu ya unga, kisha usugue kwa ncha za vidole tu, ukiinua unga juu na kuuachia uanguke. Viganja visiguse, maana ndivyo vyenye joto. Ukikunja ngumi unga ushikane, na ukiugusa kwa kidole upasuke vipande vya ukubwa wa harage na mbaazi, umefika. Usiendelee kusugua. Rudisha bakuli kwenye friji nusu saa.

Oveni yako ya gesi ina moto chini tu, na ndiyo sababu juu kulibaki kweupe huku chini kukichemka. Kuongeza moto kulizidisha kilichokuwa kikiharibika. Weka trei kwenye ngazi ya juu kabisa, washa oveni dakika 20 kabla, ulenge nyuzi 180, na usifunike kwa karatasi ya foili. Kama ina grili ya juu, iwashe dakika mbili za mwisho ukiwa umesimama hapo hapo, kwa sababu sukari hutoka kwenye hudhurungi hadi nyeusi ukigeuka tu kuchukua kitambaa. Bakuli liwe pana na fupi, na chenga zisizidi unene wa kidole kimoja. Zimwage zilegee, usizishindilie.

Lakini kama oveni haikuridhishi, ninayo njia nyingine, na sioni aibu kuipendekeza kwa kazi ya kulipwa: oka chenga peke yake. Zitandaze kwenye trei, ziive dakika 20 hadi 25 ukizigeuza mara mbili, mpaka ukizikoroga zisikike kama kokoto ndogo. Zipoe, uzinyunyize juu ya matunda ya moto wakati wa kuandaa. Ndiyo njia pekee ninayoiamini pia kwa anayeoka kwenye sufuria ya makaa, kwa sababu kifuniko cha sufuria hurudisha mvuke wote juu ya chenga, hata ukirundika makaa juu yake.

Viungo. Masala ya chai yanafaa, ila soma pakiti: mengi yana tangawizi na pilipili manga kwa wingi. Kwa nanasi hiyo ni sawa kabisa, kwa tufaha peke yake itakuwa kali. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya matunda kinatosha. Mimi napenda kujichanganyia. Mdalasini mwingi ninaouona sokoni ni ule wa gome nene, gumu, lililojikunja tabaka moja. Una ukali mzuri na unafaa kwa kazi hii. Chukua kijiti kimoja cha urefu wa kidole, iliki tano zilizopondwa, karafuu mbili na kipande cha tangawizi mbichi cha ukubwa wa kifundo cha dole gumba. Karafuu ziwe mbili, dada, zisizidi. Mafuta yake yana nguvu ya kufisha ganzi ulimi, na ya tatu itakula ladha ya tunda lako lote.

Harufu nyingi za viungo hukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo kabla ya kutia nanasi, yeyusha kijiko cha siagi kwenye sufuria, tia mdalasini, karafuu na iliki kwa moto mdogo, na usubiri. Mwanzo utasikia harufu ya siagi peke yake. Kisha karafuu itatangulia, mdalasini utafuata, na iliki itafunguka mwisho. Hapo ndipo uingize nanasi na tangawizi. Kumbuka kutoa kijiti na karafuu kabla ya kumimina kwenye bakuli. Juu kwenye chenga nusu kijiko cha chai cha unga wa mdalasini kinatosha, na kungumanga ikwaruze kidogo ukipata.

Njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa zinapendeza sana kwenye chenga, gramu 50 hivi. Ila waulize wageni kwanza, kila mmoja, kwa maneno wazi. Kuna watu ambao karanga moja inaweza kuwafunga pumzi, na mwenye tatizo hilo haoni aibu kulisema akiulizwa.

Kupika siku moja kabla unaweza, mradi usikutanishe vile viwili. Matunda yaliyopikwa yapoe, yafunikwe, yalale kwenye friji. Viungo vitaingia zaidi na ladha itakuwa bora siku ya pili. Chenga mbichi zikae kwenye mfuko ndani ya friza, na uziingize kwenye oveni zikiwa baridi hivyo hivyo. Kama umezioka peke yake, zihifadhi kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko cha kubana, na usizifunge zikiwa na joto hata kidogo. Siku yenyewe pasha matunda hadi usikie tena ile sauti ya uji, na umimine kwenye bakuli. Chenga zilizookwa zinyunyize hapo hapo. Kama ni mbichi, acha matunda yapoe kwanza, weka chenga, na uoke dakika 35 hadi 40, mpaka mchuzi utokeze pembeni ukichemka kwa uzito. Ikitoka, iache wazi dakika 15 kabla ya kuipakua ili mchuzi ukamate. Kastadi ya moto ipeleke mezani kwenye jagi lake, kila mgeni ajimiminie pembeni ya sahani.