Uzi, jiwe na sentimita nne zilizopotea

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: shule isiyo na maabara ya maana ifanye nini ili wanafunzi wasome sayansi kwa vitendo? Nafundisha fizikia na kemia katika sekondari ya kata, na jibu langu huenda likawaudhi walimu wenzangu. Tuanze kwa kuacha kupika majibu.

Jengo sisi tunalo. Mwaka 2014, kila kata ilipohimizwa kukamilisha maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, wazazi walichanga, kuta zikapanda, meza za zege zikajengwa. Bomba lipo, maji hayajawahi kupita ndani yake. Kwa hiyo praktiko husubiri Kidato cha Nne, wiki chache kabla ya mtihani wa Taifa, na hapo mtoto anafundishwa jambo moja tu: jibu linalotakiwa. Akisoma bureti (bomba la kioo lenye vipimo, la kudondoshea kimiminika) akaona 23.6 huku jirani ana 25.0, anafuta, anaandika 24.9. Wenyewe wanaita kupika data, na wanapika bila aibu kwa sababu jiko tumewawashia sisi.

Mwaka jana nilijaribu kulizima. Niliwapa Kidato cha Tatu uzi wa cherehani, mawe makubwa kama ngumi, rula, na simu yangu iwe saa. Kazi: ning'iniza jiwe, hesabu bembea 20 za kwenda na kurudi, tafuta muda wa bembea moja, kisha kokotoa g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia. Makundi manne yakaleta 9.8, kama kitabu. Kundi la tano likaleta 9.0, na msichana aliyeshika daftari akawa analifunika kwa kiganja.

Nikalichukua hilo daftari. Uzi sentimita 46, bembea 20 kwa sekunde 28.4. Hesabu haina kosa. Mmoja akasema ni upepo. Tukafunga madirisha, ikaja 28.4 ileile. Mwingine akalaumu simu yangu (ni kuukuu, simlaumu). Nikawaambia wabadilishe urefu: 26, 36, 56, 66, kisha wachore grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu wa uzi. Mstari ukanyooka vizuri, ila haukupita kwenye sifuri. Walipourefusha kurudi nyuma, ulikata mhimili wa urefu karibu sentimita nne nyuma ya sifuri.

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na zilikuwa kelele za Kiswahili, ingawa ubaoni kulikuwa Kiingereza kitupu. Sikuwanyamazisha. Yule msichana akachukua rula akapima jiwe: upana sentimita nane. Nusu yake nne! Walikuwa wamepima uzi mpaka kwenye fundo, wakati urefu wa pendulamu unaishia katikati ya jiwe. Ongeza nne, 46 inakuwa 50, na g inarudi 9.8. Tena mwinamo wa grafu ulikuwa umeshatoa 9.8 tangu mwanzo, maana nne zile zilizokosekana zilikuwa zilezile kwenye kila uzi.

Nikayageukia makundi manne. Mmepima mpaka wapi? Kwenye fundo, mwalimu. Wote. Darasa likacheka, na sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Najua wasomaji wengine watawaandikia kuhusu choya: chemsha, dondoshea ndimu, dondoshea maji ya magadi, tazama rangi zinavyogeuka. Ni jambo zuri, nami hulifanya. Lakini rangi ikishapendeza watoto wakapiga makofi, somo bado halijaanza. Wape bomba la sindano kutoka duka la dawa, wahesabu matone mangapi ya magadi yanahitajika kuishinda ndimu ya sokoni na ndimu ya nyumbani kwao, halafu waeleze kwa nini makundi mawili yenye ndimu moja yamepata hesabu tofauti. Kuna mahali pa kusimama, lakini: asidi ya betri isiingie darasani kwa kisingizio cha ubunifu, na jani la kupimwa wanga lichemshwe katika spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, jiko likiwa limeshazimwa.

Lile kundi la 9.0 sasa liko Kidato cha Nne. Wiki iliyopita tulibeba maji kwa ndoo, tukafanya titresheni, yaani kupima kwa bureti ni asidi kiasi gani inamaliza nguvu ya besi. Usomaji wao wa kwanza ulikuwa 25.9, uliofuata 25.0, kisha 25.0 tena. Ile 25.9 hawakuifuta. Pembeni yake waliandika kwa penseli: kulikuwa na hewa kwenye ncha ya bureti.